Kauboi Aliyekwenda Kutafuta Mahari

Kwa karibu miaka miwili, kila Jumamosi saa tisa alasiri, nilikuwa nikisimama nyuma ya ukuta wa matete na plastiki nyeusi, pale karibu na soko la samaki la Nchelenge, nikijifanya natafuta kivuli, kumbe namsikiliza mwanaume mwingine akifanya kazi iliyokuwa yangu. Ndani kulikuwa na watu sitini, pengine sabini, wamebanana kwenye mabenchi. Mmoja wao alikuwa mke wangu. Nilijua anakaa benchi la pili upande wa kushoto, kwa sababu kicheko chake kilitokea huko. Kwa kila kicheko nilimwonea wivu yule mwanaume. Sioni haya kuandika hivyo. Wivu nimekaa nao siku nyingi, tumeshazoeana.

Kazi yenyewe ni kueleza filamu. Kwetu mtu haachiwi filamu aitazame peke yake. Kando ya televisheni anasimama mwelezaji, naye anasema nani ni nani, anataka nini, na kwa nini yule wa farasi mweusi amekasirika. Filamu zinasemwa kwa Kiingereza cha puani ambacho hata makarani wa boma wanakikimbia, na watazamaji ni wavuvi, wachuuzi wanaovuka ziwa kutoka Kongo, na sisi tuliokimbia vita tukabaki upande huu. Bila mwelezaji, filamu ni watu wanaofungua na kufunga midomo tu. Niliifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini kwa Kiswahili chetu cha Katanga, nikichanganya Kibemba kwa ajili ya wenyeji. Nilieleza za ngumi, nilieleza za vita, lakini zilizonipa jina ni za kauboi.

Nilizijua nikiwa mtoto, upande wa Kongo, katika ukumbi wa parokia. Jumapili baada ya misa padri aliziba madirisha kwa magunia, akawasha mashine, nasi tukakaa chini kwenye saruji. Kauboi wa siku zile alikuwa msafi kuliko katekista. Kofia yake nyeupe, shati limepigwa pasi, anapigana topeni na akiinuka hana tope. Jina lake hatukulijua wala hatukulihitaji. Aliitwa akteri, na adui yake shefu wa mabandi, yaani mkuu wa majambazi, na sheria ilikuwa moja tu: akteri hafi. Bastola yake ya risasi sita ilipiga mara thelathini na hakuna aliyemuuliza. Wale wenye manyoya kichwani walitokea mlimani wakipiga kelele, wakaanguka kutoka juu ya farasi zao, na kwa kila mmoja aliyeanguka tulipiga makofi. Hatukujiuliza nchi ile ilikuwa ya nani.

Hata yule kauboi nilimwonea wivu. Mimi nilikuwa na kaptura moja, yeye alibadili mashati katikati ya vita. Tulipocheza uani, kaka yangu ndiye alikuwa akteri kila siku kwa sababu alikuwa na kofia ya baba, na mimi nilikuwa bandi wa kufa kwanza. Nilikufa vizuri sana, kila mtu alikiri hivyo, na haikunisaidia kitu.

Nilipoota ndevu filamu zikabadilika, na hakuna aliyetuambia sababu. Padri alikataa kuzionyesha, kwa hiyo tulizitazama kwa kaseti nyumbani kwa mchuuzi mmoja wa samaki aliyekuwa na video. Kauboi alikuwa ameacha kunyoa. Alijifunika blanketi, alitafuna kitu, alitema mate, na macho yake peke yake yalijaza kioo kizima huku mtu akipiga mluzi na kengele ikilia. Kijiji kikimwomba msaada, kwanza aliuliza atapata nini. Wazee waliokuja kutazama walilalamika kwamba hawamtambui akteri, kwa kuwa wote ni wachafu. Sisi vijana tulizipenda mno. Kauboi mchafu tulimwelewa. Yule wa pasi hatukuwahi kukutana na mtu wa namna yake.

Halafu vita vikatufikia, tukavuka ziwa. Nitaruka miezi ya kambini. Nilitoka kambini nikaja Nchelenge na kuanza biashara pamoja na mwenzangu aliyekuwa na jenereta. Mimi nilikuwa na kaseti saba na mdomo. Tulijenga ukumbi wa matete, mabenchi tukayaunda kwa mbao za mtumbwi uliokufa, na harufu ya chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani, iliingia bila kulipa kiingilio.

Kati ya kaseti saba moja ilikuwa ya zamani, ya enzi ya mashati safi. Mwanaume anafika mahali, anamkuta binti anayeishi na baba yake mgonjwa, mabandi wanataka kuwanyang'anya kijito cha maji. Mwanaume anatengeneza ua wa ng'ombe, anakula kwao, anavaa koti la baba mtu, anawapiga mabandi. Mwishoni anasimama mlangoni mbele ya binti, anasema maneno machache, anapanda farasi na kwenda zake. Binti anabaki ameshika nguzo. Basi, imekwisha.

Mara ya kwanza nilipoieleza, ukumbi haukukubali. Mama mmoja mzee aliinuka akauliza anakwenda wapi yule, na binti amemkosea nini. Watu wakaanza kunung'unika. Kwetu mwanaume aliyekula mezani kwa watu, akavaa koti la mzee wao, hawezi kuaga hivi hivi mbele ya binti bila kueleza. Ni matusi kwa ukoo. Mimi Kiingereza sikukijua, na yale maneno ya mlangoni yalikuwa yameshapita. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia: anakwenda kutafuta mahari. Hawezi kumchukua binti wa watu mikono mitupu. Ng'ombe wake wako kwa mjomba wake, mbali, nyuma ya ule mlima mnaouona. Anamwambia binti, ningoje, nitarudi.

Ukumbi ukashusha pumzi. Yule mama mzee alikaa akasema sasa huyo ni mtoto wa watu. Walipiga makofi hadi jenereta halikusikika. Toka siku hiyo filamu ikaitwa ya mwanaume aliyekwenda kutafuta mahari, na kila mwezi waliiomba. Kwa kila mara niliongeza kidogo: idadi ya ng'ombe, tabia ya mjomba, shangazi aliyekuwa anapinga ndoa. Binti alishika nguzo kwa furaha, nilisema, mnaona anavyoishika.

Mlangoni pa ukumbi palikuwa na msichana anayeuza vitumbua. Naye alikuwa wa ng'ambo, wazazi wake walivuka mwezi mmoja na sisi. Filamu ile aliisikia mara nyingi kabla hajaiona, kwa sababu sauti yangu ilipita kwenye matete. Nilipomruhusu aingie bure aliitazama akiwa ameweka beseni mapajani, na mwisho ulipofika alifuta macho kwa kanga. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kioo, lakini sikuwa natazama kioo.

Nilipotaka kumwoa sikuwa na kitu. Baba yake alikuwa mkimbizi kama mimi, lakini desturi hakuiacha ng'ambo. Alitaja mbuzi, vitambaa kwa ajili ya mama, na kitu cha kufungulia mdomo, na alitaja kwa utulivu, akijua sina. Nikaamua kurudi Kongo kwa mjomba wangu. Siku ya kuondoka nilimwambia yule msichana maneno yale yale ya filamu, ningoje, nitarudi, na yeye aliitikia kwa kichwa kana kwamba anajua sehemu inayofuata.

Niliahidi miezi sita. Nilikaa miaka mitatu. Mjomba nilimkuta amefariki, njia zilifungwa, niliugua, nikabeba magunia ya muhogo ya watu wengine hadi bega likapinda. Niliporudi na mbuzi wangu niliamini nitamkuta na mtoto wa mtu mgongoni. Alikuwa pale pale, na beseni lake. Siku ya harusi watu waliniita kauboi, nami nilivimba kichwa. Kwa miaka yote iliyofuata niliamini alinisubiri kwa sababu ya sura yangu na moyo wangu.

Filamu hazikutusubiri. Kaseti zilikufa, zikaja sidii, halafu flashi, na kauboi akaanza kuzeeka. Nakumbuka ya kwanza ambayo akteri alikufa. Alipigwa risasi, akalala chini, muziki ukalia, na majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Hakuna aliyetoka. Walikaa kwenye mabenchi wakinitazama. Nililazimika kuwaambia amezimia tu na daktari anakuja, ila filamu imefupishwa na waliotuuzia. Mvuvi mmoja kutoka Kabuta alitaka kujua daktari anatokea kijiji gani. Nikampa jina la kijiji.

Zilizofuata zilikuwa mbaya zaidi kwa mtu wa kazi yangu. Kauboi alikohoa. Alivaa miwani kusoma barua. Alikaa juu ya farasi kwa dakika kumi akitazama majani, na hakuna aliyesema neno, na mimi nimesimama pale watu sabini wananingoja. Bunduki ilipigwa mara moja katika filamu nzima, na aliyeipiga alitapika. Kauboi mweusi akatokea, watu wangu wakanyamaza kwanza, halafu wakacheka, halafu wakataka kujua ni wa kabila gani. Wanawake walipanda farasi wakafanya kisasi wenyewe. Wale wenye manyoya sasa walikuwa na majina, na bibi zao, na lugha yao, na walipoongea maandishi yalitokea chini. Mimi nilijaza ukimya kwa maneno. Nilisema anamkumbuka mama yake. Anafikiria deni. Ana njaa. Watu walianza kupiga miayo, na kijana mmoja alisema kwa sauti, papa, mwache mutu apumue.

Ndipo akaja mwalimu. Sitasema anafundisha shule gani. Ana miaka kama thelathini na tano, amezaliwa na wakimbizi wenzetu, amesomea Mansa, na ana lugha tatu mdomoni bila kukwaruzana: Kiswahili cha kwetu, Kibemba cha hapa, na kile Kiingereza cha puani. Alijenga ukumbi ng'ambo ya barabara, akaweka sola na mashine inayotupa picha kwenye ukuta mzima. Shati lake lilikuwa safi. Kitu cha kwanza nilichomchukia ni shati.

Cha pili ni namna yake. Alikaa, hakusimama. Aliwaacha waseme, halafu aliwafasiria kwa sauti ya chini, sentensi kwa sentensi, na waliponyamaza naye alinyamaza. Nilidhani watu watamkimbia. Wakanikimbia mimi. Baada ya miezi minne nilifunga ukumbi wangu, na mabenchi nikamuuzia yeye, kwa sababu hakuna mwingine aliyehitaji mabenchi. Mke wangu alisubiri wiki mbili kwa adabu, halafu Jumamosi moja akaoga mapema, akavaa kitenge kizuri, akavuka barabara.

Nilimuuliza anafuata nini kule. Alisema anapumzika. Mwanamke anayeanika na kuzoa chisense tangu Jumatatu ana haki ya kupumzika. Lakini aliporudi alikuwa akinisimulia filamu nzima, na katika kusimulia alisema mwalimu alisema, mwalimu alieleza, mwalimu alituambia tungoje tuone. Nilihesabu neno mwalimu mara kumi na saba katika bakuli moja la bukari, ugali wetu.

Siku moja nikiwa nyuma ya ukuta walionyesha ya wale wenye manyoya wakifukuzwa na askari. Nilichungulia kwenye tundu la plastiki. Walikuwa wakitembea kwa mstari mrefu kwenye baridi, wamebeba mikeka, sufuria, wazee mgongoni. Mwalimu hakueleza kitu. Sauti ya mama mmoja ndani ikasema polepole, bale ni siye, wale ni sisi. Hakuna aliyejibu. Nilisikia mtu akipenga kamasi. Na mimi, niliyewafanya watu hao hao wacheke miaka na miaka kwa jinsi wenye manyoya wanavyoanguka kutoka kwenye farasi, nilisimama juani nikaumia. Ningependa kusema niliumia kwa ajili ya wale watu wa mikeka. Niliumia kwa sababu ukimya ule nilikuwa sijawahi kuupata katika ukumbi wangu, hata siku moja.

Mwezi uliofuata mwalimu alikuja nyumbani. Aliacha viatu mlangoni, akaniita papa mukubwa, akapokea chai kwa mikono miwili. Ukiwa na wivu, heshima ya mtu inakuudhi kuliko dharau yake. Alisema watu wanaomba filamu za zamani, na mimi ndiye ninayejua ipi ilipendwa zaidi. Kabla sijameza mate mke wangu alijibu kutoka jikoni.

"Ile ya mwanaume mwenye alienda kutafuta mali ya bibi," alisema. "Mi ningeiona tena."

Kwetu mali ya bibi ndiyo mahari. Mwalimu alikunja uso kidogo, akasema hajawahi kuisikia filamu ya namna hiyo. Mke wangu akamwelezea: baba mgonjwa, kijito, koti. Nilisema haraka kwamba kaseti ilikatika. Mwalimu alisema hakuna shida, akatoa simu, akauliza maswali mawili, na kabla chai haijapoa alikuwa ameipata. Alinionyesha picha. Nguzo, mlango, binti.

Hapo ndipo nilipoelewa hatari. Katika miaka ile nilikuwa nimejifunza Kiingereza kidogo, na siku moja peke yangu niliisikiliza ile sehemu ya mlangoni. Kauboi hamwambii binti ningoje. Anamwambia usiningoje. Nilikaa na maneno hayo bila kumwambia mtu, kwani filamu ilikuwa haiombwi tena na mke alikuwa ameshaolewa. Sasa mwalimu na lugha zake tatu angeyasema mbele ya watu sabini, na mmoja wao ni mwanamke aliyetumia miaka mitatu ya ujana wake juu ya uongo wangu.

Nilijaribu. Jumamosi asubuhi nilimwambia mke wangu kuna baiskeli inaleta samaki kutoka Kabuta, lazima awepo kupokea. Alisema samaki wakifika watalala chini kama samaki wengine. Nilisema naumwa kichwa. Akanipa kidonge. Saa tisa nilivaa shati langu jeupe na kwenda naye, na kwa mara ya kwanza niliingia kwa mwalimu kwa mlango, nikakaa benchi la pili upande wa kushoto, juu ya ubao nilioupiga randa mwenyewe.

Ukumbi ulijaa hadi nje, wazee wengi, watu wa ukumbi wangu wa zamani. Waliijua filamu kwa moyo. Mwalimu alifasiri na wao walimtangulia, wakisema sasa analeta koti, sasa mabandi wanatokea. Mke wangu alikuwa amenishika mkono, jambo ambalo hatulifanyi mbele za watu. Nilitamani umeme wa jua uishe. Jua lilikuwa kali.

Ukafika mlango. Kauboi alisema maneno yake, yale machache. Mwalimu akangoja yaishe, kama kawaida yake, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Anamuambia, usiningoye. Mi haiko mutu wa kukaa fasi moya."

Ukumbi ukapasuka. Mzee mmoja Mbemba alisema awe, mwalimu, awe, yaani hapana, hapana. Wengine walisema kijana anajua shule lakini filamu hii hajui, anakwenda kwa mjomba kuchukua ng'ombe, kila mtu anajua. Mama mmoja alitaja hata shangazi aliyepinga ndoa. Mwalimu alijaribu kueleza kwamba katika filamu hakuna shangazi, wakamzomea. Nilimwona kwa mara ya kwanza akitoka jasho kwenye shati lake, na nitasema kweli, ilikuwa tamu.

Akageuka kunitazama. Alikuwa ameelewa yote, niliona usoni mwake. Hakunidharau. Aliwaambia watu wote kwamba papa mukubwa yuko hapa, yeye ndiye mwenye filamu hii, aseme yeye.

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema mwalimu amefasiri sawa. Nilisimama, nikaona nyuso zote zile zimenigeukia kama zamani, na miaka miwili ya kusimama juani ikanipanda kichwani. Nikasema anakwenda kutafuta mahari. Nikasema mwalimu ni kijana mzuri, ila maneno ya zamani yana uzito wake, si kila aliyesoma anayasikia. Walipiga makofi, wengine wakagonga mabenchi. Mwalimu aliinamisha kichwa akazima mashine. Nilipokaa, nilitafuta mkono wa mke wangu. Alikuwa ameshaurudisha kwenye kitenge.

Nyumbani jua lilikuwa bado juu. Alikwenda moja kwa moja kuzoa chisense iliyokauka kwenye wavu, akaitia kwenye gunia kwa viganja, bila kunitazama. Nilisimama karibu yake nikiongea habari za makofi. Alingoja nimalize.

"Alisema asimungoye," alisema. "Ile neno la Kizungu la kungoya naliyua. Kwa basi ya Mansa banalisemaka kila siku."

Nilisema filamu ni filamu tu. Aliendelea kuzoa. Aliniuliza kama niliyajua maneno yale siku ile ninamuaga, na nilijibu kwamba sikuyajua, nilikuwa nimeyatunga tu nikiwa nimesimama pale, kwa sababu watu walikuwa wanakasirika. Aliniuliza na leo je. Nikasema leo niliyajua. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima uzito wa gunia kabla ya kulibeba.

"Kulikuwaka mutu," alisema. "Mwaka ya pili ya kwenda kwako. Mutu ya Chienge, iko na bateau mbili. Alikuya na muyomba wake, na mali yote. Baba alikubali, mama alikubali. Mi njo nilikatala. Nilibaambia mwanaume akienda kutafuta mali anarudiaka, nilimuona kwa filamu."

Kwa miaka yote ile hakunitajia, wala wakwe zangu hawakunitajia. Nilimuuliza kama alikuwa mtu mzuri. Alisema alikuwa mzuri. Nilimuuliza kama angemkubali, na nilijua napaswa kuacha, lakini mdomo wangu haujawahi kuniachia ukimya ukae.

"Kama ningeyua ni kitu ulitunga tu," alisema, "ndiyo. Ningemukubalia."

Alifunga mdomo wa gunia kwa kamba. Miaka miwili nilikuwa nimemwonea wivu mwanaume ambaye kosa lake lilikuwa kusema Kiingereza, na huku mwingine amekaa ndani ya nyumba yangu siku zote, bila shati, bila sura, na mitumbwi yake miwili. Nilimuuliza yuko wapi sasa. Nilitaka kumwona kwa macho yangu, nijue ni mrefu kiasi gani.

"Ziwa lilimuchukua," alisema. "Ile mwaka nilienda Chienge."

Niliikumbuka safari ile, ilikuwa moja tu. Aliniaga kwamba anakwenda kununua chisense ya bei nzuri, akakaa siku nne, akarudi na gunia tupu na macho mekundu yaliyovimba. Aliniambia bei ilipanda, na moshi wa mabanda ya kukaushia samaki ulimuumiza. Nilimpa pole ya biashara. Halafu nilitembea hadi duka la dawa karibu na boma, nikamnunulia dawa ya macho, na kwa juma zima, kila asubuhi, nilikilaza kichwa chake mapajani mwangu, nikamtilia matone mawili katika kila jicho.